Steve Earle: siasa ziimbwe waziwazi, au zikae ndani ya mtu?

Wapenzi wa Steve Earle, mwimbaji na mtunzi wa kantri wa Marekani, wana ubishi wa miaka mingi ambao haujapata mshindi, nao unahusu albamu mbili: Jerusalem ya mwaka 2002 na The Revolution Starts Now ya mwaka 2004. Wapo wanaosema kwamba hapo ndipo mtunzi hodari wa visa alipoiacha kazi yake akapanda jukwaani kuhutubia. Wengine wanasema hapo ndipo alipofanya jambo ambalo wenzake wengi wa Nashville, makao makuu ya muziki wa kantri, hawakuthubutu kulifanya, wakati ambapo kunyamaza ndiko kulikokuwa na faida. Nazipenda kazi za Earle, na nadhani kila upande una haki kwa kiasi fulani. Lakini ili kuipima haki hiyo inabidi kuanza mbali kidogo, kabla ya vita vya Iraq na kabla ya Septemba 11.

Kwa wengi wetu Afrika Mashariki, kantri ni Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton: nyimbo za mapenzi, za nyumbani na za Mungu. Kenya hasa muziki huo una wenyewe, na wapo wasanii wa huko wanaouimba kwa ustadi mkubwa. Earle ametoka tawi jingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mjini Austin, Texas, wanamuziki waliochoshwa na utengenezaji wa nyimbo wa Nashville walianza kuichanganya kantri na roki na nyimbo za kiasili, wakiandika wenyewe kila wanachoimba. Ukumbi wa Armadillo World Headquarters ulikuwa ukiwakusanya wachunga ng'ombe na mahipi chini ya paa moja. Willie Nelson alihamia mji huo mwaka 1972, na kituo cha redio cha KOKE-FM kikaupa mtindo huo jina ambalo kwa Kiswahili naweza kuliita kantri ya mageuzi. Guy Clark, Townes Van Zandt na Jerry Jeff Walker ndio waliokuwa walimu wa Earle, na baadaye Earle alimtolea kila mmoja wao albamu nzima ya kumuenzi: Townes mwaka 2009, Guy mwaka 2019 na Jerry Jeff mwaka 2022.

Alizaliwa Virginia mwaka 1955, akakulia karibu na San Antonio, Texas, na mwaka 1974 akahamia Nashville akiwa bado kijana mdogo. Mwaka uliofuata sauti yake ikasikika miongoni mwa waitikiaji kwenye albamu ya kwanza ya Clark. Nyimbo za Clark zimejaa vitu vinavyoshikika: kisu, viatu, treni, na mzee anayecheza dhumna. Ukimsikiliza Earle baada ya kumsikiliza Clark, unajua somo hilo lilimwingia.

Albamu yake ya kwanza, Guitar Town ya mwaka 1986, ilifika nafasi ya kwanza kwenye chati ya albamu za kantri ya Billboard. Haihutubii mtu yeyote. Hata hivyo, kwangu mimi ni albamu ya siasa kuliko nyingi zenye maneno makali. Kuna wimbo wa kijana anayefanya kazi kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara kuu, ambaye kila siku anawajazia mafuta watu wanaokwenda mahali, yeye akibaki palepale. Kuna mwingine wa mtu anayechapa kazi na bado hazioni pesa. Hiyo ilikuwa Marekani ya Ronald Reagan, na rais hatajwi hata mara moja. Uchumi wa nchi unausikia kwenye koo la mtu mmoja.

Kisha ikaja Copperhead Road, mwaka 1988, na wimbo uliobeba jina la albamu hiyo unastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake ndimo ubishi wote ulimo. Unaanza na mlio mrefu kama wa zumari za Kiskoti, uliopigwa kwa kinanda cha umeme, halafu inaingia mandolini peke yake. Anayeimba anajitambulisha: John Lee Pettimore wa tatu, jina la baba yake na la babu yake. Babu alikuwa mpika gongo milimani Tennessee, akishuka mjini labda mara mbili kwa mwaka kununua hamira na mabomba ya shaba. Ofisa wa ushuru aliyemfuata huko juu hakurudi. Baba naye alikuwa akiisafirisha hiyo gongo kwa gari alilolinunua mnadani, gari kuukuu la polisi lililokuwa na jina la sherifu ubavuni, mpaka usiku mmoja akielekea Knoxville likamuua, na harufu ya pombe inayoungua ikajaa barabara yote.

Hapo ngoma zinaingia kwa kishindo, na mjukuu anaanza kusimulia habari zake mwenyewe. Alijitolea jeshini siku yake ya kuzaliwa, kwa sababu huko kwao wazungu maskini ndio wanaochukuliwa kwanza hata wasipojitolea. Akaenda Vietnam mara mbili. Aliporudi alikuwa na mpango: mbegu za bangi kutoka Colombia na Mexico, zipandwe kule kule alikopikia babu. Sasa helikopta ya polisi wa dawa za kulevya inazunguka juu ya shamba lake, naye anaamka usiku akipiga kelele kana kwamba bado yuko vitani. Anakumbuka mbinu alizojifunza kwa wapiganaji wa Vietkong, na anaonya kwamba anayejipenda asikanyage barabara ile.

Ni vizazi vitatu ndani ya dakika chache. Serikali inaitoza familia moja, inaisaka, inaipeleka vitani, kisha inaisaka tena. Hakuna ubeti unaosema kwamba vita ni vibaya au kwamba sheria inawaonea maskini. Wanaomtaka Earle wa zamani huutaja wimbo huu kwanza, wakisema: hivi ndivyo siasa zinavyoimbwa, mpe msikilizaji mtu na umwache aamue mwenyewe.

Hoja hiyo ni nzito, lakini ina upande wake wa pili ambao watetezi wake hawaugusi. Leo Copperhead Road ni wimbo wa kuchezea. Unapigwa kwenye mabaa ya Marekani, watu wanajipanga mistari, wanapiga visigino sakafuni, na ngoma zinapoingia wanashangilia. Mwaka 2023 jimbo la Tennessee liliutangaza kuwa mmoja wa nyimbo zake rasmi, kwa kura za bunge linaloongozwa na wahafidhina, ingawa mtunzi mwenyewe hajawahi kuficha kwamba ni mtu wa mrengo wa kushoto. Wimbo wa mtu aliyevunjwa na vita, anayelima bangi na kumtishia maisha ofisa wa serikali, umewekwa kwenye rafu moja na alama za jimbo. Nafurahi kwamba umependwa kiasi hicho. Lakini hiyo ndiyo bei ya kuiacha hoja ndani ya kisa: msikilizaji anayetaka kisa bila hoja atakichukua, na hakuna neno hata moja litakalomzuia. Anayesema Earle alipaswa kuendelea hivi maisha yake yote lazima akijibu kipengele hiki.

Kati ya mwaka 1988 na 2002 maisha yake yalipasuka. Heroini na kokeni zilimfikisha jela mwaka 1994, akatibiwa, na akarudi na Train a Comin' mwaka 1995, albamu ya magitaa na mandolini bila kelele, iliyojaa nyimbo alizoziandika ujanani. I Feel Alright ikafuata mwaka 1996, El Corazón mwaka 1997. Mwaka 1999 akatoa The Mountain, albamu ya bluegrass, yaani kantri ya kiasili ya vyombo visivyo vya umeme, akiwa na bendi ya Del McCoury, ambamo yumo mchimba makaa wa Harlan, Kentucky, anayejivunia chama chake cha wafanyakazi. Sidhani kuna mtunzi wa kantri wa kizazi chake aliyetoa kazi nne mfululizo za kiwango hicho.

Katika miaka hiyo kulikuwa na jambo moja alilolipigania bila kuchoka, kufutwa kwa adhabu ya kifo. Tayari mwaka 1990, kwenye The Hard Way, alikuwa ameimba kwa sauti ya Billy Austin, kijana wa miaka 29 aliyemuua mhudumu wa kituo cha mafuta katika wizi kisha akawaita polisi mwenyewe. Billy hajitetei. Anachofanya ni kumgeukia msikilizaji mwishoni na kumuuliza kama angeweza kuivuta swichi ya kumuua kwa mkono wake, na baada ya hapo ajione bora kuliko yeye. Miaka minane baadaye Earle alikwenda Huntsville, Texas, kushuhudia kifo cha Jonathan Nobles, mfungwa waliyekuwa wakiandikiana barua, ambaye alikuwa amewaua wanawake wawili mjini Austin mwaka 1986. Nobles ndiye aliyemwomba awepo. Wimbo uliotokana na siku hiyo umo kwenye Transcendental Blues ya mwaka 2000, ukiimbwa kwa sauti ya Nobles akigawa vitu vyake vichache kabla ya kwenda. Mtu anaweza kuunga mkono adhabu ya kifo mpaka mwisho wa wimbo. Kitakachomwia kigumu ni kujisahaulisha kwamba anayezungumziwa ni mtu.

Basi mwaka 2002 ulipofika, Earle hakubadilika ghafla. Alitumia chombo kilekile, safari hii kwa mtu ambaye nchi nzima ilikuwa imemkasirikia. John Walker Lindh, Mmarekani mwenye umri wa miaka 20, alikamatwa Afghanistan mwishoni mwa 2001 akiwa upande wa Taliban. Earle akaandika kwa sauti yake: kijana wa kawaida aliyekulia mbele ya televisheni ya muziki, hakujiona kwenye chochote alichokiona humo, na jambo la kwanza lililomwingia moyoni likawa maneno ya Mtume. Kiitikio ni shahada, kwa Kiarabu, katika kinywa cha mwimbaji kutoka Texas mwenye gitaa, na wimbo unamalizika kwa kisomo cha Kurani. Msikilizaji wa Mombasa au Zanzibar anayatambua maneno hayo kabla hajaelewa Kiingereza kinachoyazunguka. Msikilizaji wa Nashville wa mwaka ule aliyasikia kama tusi. Magazeti na watangazaji wa redio walimshambulia hata kabla albamu haijatoka mwezi Septemba. Earle alieleza kwamba alipoiona picha ya kijana yule, mchafu na amefungwa, alimwona mwanawe mwenyewe, kwa sababu walikuwa karibu rika moja.

Wakosoaji wana hoja ya haki hapa, na si ile ya usaliti. Wanasema wimbo unampa Lindh unyofu ambao hatuna hakika kwamba alikuwa nao, na kwamba Waafghani walioishi chini ya watawala aliokwenda kuwapigania hawamo hata kwa mstari mmoja. Nakubali kwamba hawamo. Bado nausimamia wimbo huu, kwa sababu unafanya kile kile alichofanyiwa Billy Austin: hausemi kijana hana hatia, unaeleza alifikaje pale. Mwezi Oktoba Lindh alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Katika mwaka ambao nyimbo zilizovuma kwenye kantri zilikuwa za bendera na kisasi, alihitajika mtu mmoja wa kuuliza swali hilo, na aliyeuliza alijua gharama yake. Miezi michache baadaye, Machi 2003, kikundi cha Dixie Chicks kilitupwa nje ya redio za kantri kwa sababu mwimbaji wake alisema jukwaani London kwamba anaona aibu rais kutoka Texas.

Kasoro ya Jerusalem iko kwenye nyimbo nyingine. Ipo moja inayotiririsha malalamiko juu ya bima za afya, matajiri na ndoto za vijana wa miaka ya sitini, na ukimaliza kuisikiliza huwezi kusema nani alikuwa akizungumza zaidi ya mtu aliyesoma gazeti asubuhi akakasirika. Nakubaliana na karibu kila anachokisema humo. Lakini sikumbuki chochote.

The Revolution Starts Now inazidi hapo pande zote mbili, kwa uzuri na kwa ubaya. Ilitoka Agosti 2004, ikiwa imeandikwa na kurekodiwa haraka ili iwahi uchaguzi wa Novemba. Wimbo wa jina la albamu unaifungua na unaifunga. Ndani yake kuna wimbo wa kumchombeza Condoleezza Rice, mshauri wa usalama wa Rais Bush na baadaye waziri wake wa mambo ya nje, kwa mdundo wa visiwa vya Karibi, ambao ulichakaa siku waziri huyo alipotoka ofisini, na kwangu ulikuwa umechakaa hata kabla. Kuna mwingine wa kuitukana mamlaka ya utangazaji. Bush alishinda. Albamu ilipata tuzo ya Grammy, lakini tuzo haimwambii mtu kama wimbo utaimbika baada ya miaka ishirini, na nusu ya hizi hazitaimbika.

Nusu nyingine ndiyo inayonifanya nisikubali albamu hii itupwe. Dereva wa lori wa Marekani anaendesha shehena Iraq huku akimwahidi Mungu kwamba akifika Houston salama haendeshi lori tena. Yupo pia Jimmy, aliyejiunga na jeshi kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Bobby, aliyeondoka na bendera moyoni akaacha madeni nyumbani. Na Ali wa Gaza, mtoto wa pili wa mtoto wa pili, aliyekua akirushia vifaru mawe na chupa mpaka siku alipotumwa jambo kubwa zaidi. Watatu hao wamo katika wimbo mmoja, kila mmoja na ubeti wake, wote wakipigana vita vya tajiri. Kumweka Ali kwenye safu moja na askari wa Marekani, mwaka 2004, ndani ya albamu ya mwimbaji wa kantri, kulihitaji ujasiri na usanii pia. Wimbo huo haujazeeka hata kidogo.

Watetezi wa nyimbo za papo hapo watanijibu kwamba napima kwa kipimo kisichofaa. Watasema wimbo wa kampeni hauandikwi ili udumu. Unaandikwa ili mtu aliyekata tamaa wiki hii asijione peke yake, na ukifanya hivyo umemaliza kazi. Hoja hiyo naiheshimu. Kuna watu waliosikia albamu ile mwaka 2004 wakapumua. Tatizo langu ni kwamba Earle mwenyewe alishaonyesha kwamba anaweza kuzifanya kazi zote mbili kwa wimbo mmoja, na alifanya hivyo akizungumza kwa sauti yake mwenyewe.

Namaanisha Christmas in Washington, unaofungua El Corazón. Ni baada ya uchaguzi wa 1996, Clinton ameshinda tena. Earle hajajificha nyuma ya mhusika yeyote. Lakini tunamwona: ameketi nyumbani Tennessee, anaitazama televisheni, kuna kitu kinamkaa vibaya kifuani na hajui ni nini. Kutoka hapo anaanza kuwaita wafu warudi, mwimbaji wa wanyonge Woody Guthrie kwanza, halafu mwanaharakati Emma Goldman, mtunzi wa nyimbo za wafanyakazi Joe Hill, Malcolm X, Martin Luther King. Ni wimbo wa siasa waziwazi, majina yote yametajwa, hakuna kisa. Na ni miongoni mwa nyimbo zake bora. Kwa hiyo wanaosema Earle huharibu anapoacha wahusika na kusema mwenyewe wamekosea. Yeye naye ni mtu, na pale anapokubali kuonekana akiwa mnyonge kwenye kiti chake, wimbo una mwenyewe. Nyimbo dhaifu za 2002 na 2004 ni zile ambazo hamna mtu ndani, hata yeye hayumo.

Hapo ndipo ninapoiweka Ghosts of West Virginia ya mwaka 2020 juu ya kila kitu alichokifanya baada ya miaka ya tisini. Tarehe 5 Aprili 2010 mgodi wa makaa ya mawe wa Upper Big Branch ulilipuka West Virginia, ukaua wachimbaji 29. Gesi ya methani na vumbi la makaa viliachwa vikalundikana, na mgodi haukuwa na chama cha wafanyakazi cha kuwasemea. Mkuu wa kampuni iliyoumiliki, Don Blankenship, alitiwa hatiani kwa kosa dogo la kula njama ya kukiuka kanuni za usalama, akafungwa mwaka mmoja. Waandishi Jessica Blank na Erik Jensen walizihoji familia na manusura wakatengeneza tamthilia, na Earle akaitungia nyimbo na kuziimba mwenyewe jukwaani New York mpaka korona ilipoifunga.

Katika It's About Blood anayezungumza ana hasira, na hasira yake inajulikana inakotoka. Anakataa kuambiwa kwamba ni suala la biashara na gharama, kwa kuwa yeye anahesabu damu. Mwishoni Earle anayataja majina ya wale 29, mmoja baada ya mwingine, akiyapigia kelele juu ya gitaa. Jaribu kuyachezea hayo mstari baani. Bunge lolote litakalotaka kuufanya wimbo huo kuwa rasmi litalazimika kuyasikia majina yote.

Hata albamu hii ina wanaoipinga kutoka upande wake mwenyewe wa kisiasa. West Virginia ilimpa Donald Trump kura nyingi mno mwaka 2016, na Earle alisema wazi kwamba alitaka kutengeneza albamu inayozungumza na watu wasiopiga kura kama yeye, na inayozungumza kwa niaba yao pia. Wengine waliona huko ni kulegea: kuna nyimbo za makaa ya mawe zenye fahari ndani yake katika zama za mabadiliko ya tabianchi, kuna Mungu na nchi vimewekwa bega kwa bega na chama cha wafanyakazi. Swali lao la pili ni gumu zaidi: mtu anayeishi New York anapata wapi haki ya kusema kwa niaba ya wachimbaji? Jibu langu ni kwamba safari hii alianza kwa maneno ya wafiwa wenyewe, na hata mjane alipewa sauti ya mwanamke, Eleanor Whitmore wa bendi yake, badala ya Earle kumwigiza. Kuhusu makaa, sijui ungewezaje kumlilia mtu aliyefia mgodini huku ukiidharau kazi iliyomlisha.

Kwa anayetaka kuupima ubishi huu kwa masikio yake, asianze na Copperhead Road, ingawa ndiyo atakayoikuta kwanza kila mahali. Aanze na The Revolution Starts Now yote, pamoja na nyimbo zake mbovu, ni chini ya dakika 40. Halafu asikilize Ghosts of West Virginia bila kuruka.